Kompyuta mpya, diski ya zamani

Jumamosi, mwaka wa pili tangu niondoke Bungoma. Jamani, kompyuta imeninyima likizo.

Kazi yangu huku Pwani, hapa Biashara Street, ni kubeba marobota ya kanga. Lakini kompyuta kuu ya hesabu za duka huwashwa kwa diski na amri, na ni mimi tu niliyefundishwa. Tajiri aliniahidi: ikija inayojiwasha, niende nyumbani.

Leo fundi ameleta mpya. Ikajiwasha!

Kisha akajisifu, "Na njia ya zamani ya diski nimeiacha humo humo, bado inafanya kazi."

"Alhamdulillahi!" tajiri akasema. "Basi Wafula aendelee na diski yake. Mimi mambo mageni siyataki."

Wapagazi wenzangu wakanipa mkono. "Mbara, kazi yako imepona!"

Nikasema ahsante, nikabeba kasha tupu la kompyuta mpya.

Ninyi mngesemaje?

Mlio karibu na kwetu, mwambieni mke wangu asichinje kuku. Nitakuja Krismasi.