Muzee Amekufa

Kesho nitaingia bureau na uso gani? Heri ardhi ipasuke inimeze.

Serveur, ile mashine inayobeba email za kampuni yetu, imezeeka, na mimi mwenye kuichunga nimezoea kuiita Muzee. Leo asubuhi ilizima. Haraka haraka nikaandikia wafanyakazi wote kwenye simu: “Muzee amekufa. Nimejaribu kumuamsha, amekataa. Mutuvumilie.”

Nikarudi kuhangaika na nyaya. Nilipoinua kichwa, bureau ilikuwa tupu. Mjinga mimi nikafurahi: leo hakuna wa kunisumbua!

Ndipo simu ikalia. Alikuwa directeur wetu, ambaye bureau nzima humuita Muzee, aliyelala na malaria kwake Bagira.

“Fiston,” akasema polepole, “batu bote ba bureau bako huku kwangu, banalia. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, amezimia. Banasema ni weye ulijaribu kuniamsha, nikakataa.”