Jino Lililorushwa Juu ya Paa

Sisi tuliokulia kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa kule Mugutha, tulicheza kati, kukwepa mpira wa matambara unaorushwa kutoka pande mbili, mpaka vumbi jekundu likatuingia masikioni, na harufu ya githeri, mahindi na maharagwe, ndiyo iliyoturudisha nyumbani. Jioni moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, niliukwepa mpira nikajigonga kwenye bomba la maji. Jino la mbele likatoka zima, na mzizi wake.

Rafiki yangu Wambui aliliokota, akafanya tulivyofanya sote meno ya utoto yalipong'oka. Alilirusha juu ya paa letu la nyasi. "Panya, chukua hili kuukuu, umletee Atieno jipya!"

Baba alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kazini. "Wambui mwanangu, hili ni la ukubwani! Panya hana lingine!" Akapanda paa. Yeye mwenyewe hakuwa na meno sita ya chini. Yaling'olewa ujanani huko kwetu Nyanza, kama desturi ilivyotaka. "Yangu yalitolewa na wazee," alisema akipekua nyasi. "Lako halitatolewa na mpira wa matambara."

Alipolipata nilitaka kulisugua kwa mchanga ling'ae. "Wacha! Liweke mdomoni, na usilimeze." Akanipakia kwenye baiskeli hadi zahanati ya Ruiru. Dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, alilisuuza kwa maji ya chumvi bila kuugusa mzizi, akalisukuma mahali pake huku nikilia, akalifunga kwa uzi na meno jirani. Akaamuru uji, viazi vya kupondwa, na mikono mbali.

Nakiri leo jambo ambalo Baba hakulijua. Mimi nilikuwa mtoto wa kufagia uwanja mara mbili kwa sababu mistari ya ufagio haikunyooka. Siku ya tano nilijitazama kwenye kioo, nikaona jino limeinama kidogo. Nikalegeza uzi nilinyooshe. Likaanza kucheza.

Nilitembea peke yangu hadi kwa dresa, nikamweleza yote.

"Wee Atieno, unataka jino au unataka picha ya jino?"

"Jino."

"Basi likae lilivyo."

Akalifunga upya. Wiki tatu nilikaa kando ya mchezo, mikono nimeikalia. Wambui aliniita Cucu wa Uji, kama bibi kizee kibogoyo, huku akinipondea viazi. Uzi ulipotolewa, dresa alilisukuma kwa kidole. Halikutikisika.

Siku hizi wadogo zangu wanafungua soda kwa meno. Nikiwakanya wanacheka: "Dada, hayo ni ya zamani!" Zamani, nami nina miaka ishirini na mmoja! Wambui anafanya kazi kiwandani Thika, na pale bombani hakuna anayecheza kati. Jino limegeuka kijivu, na bado limeinama. Zamani nilikuwa na Baba wa kunipandia paa, dresa wa kunikemea na rafiki wa kunicheka. Sasa wasiwasi ukinishika mbele ya kioo, ninajizuia mwenyewe nisilinyooshe.