Kitanda cha Mama Noeline

Lindsay Sproat hakuwa mtu wa maneno mengi, na Desemba ile hata yale machache yalimwishia. Tangu mwezi wa tisa alikuwa akigeuza Haisi kuukuu kuwa nyumba ya safari, kwenye ua wake huko Ashburton, mji mdogo kusini mwa dunia. Kila alipofunga skrubu moja, mkewe Raewyn alitoka ndani na kitu kinachodai skrubu nne.

"Hii rafu ya viungo tuiweke wapi?"

"Viungo vya nini? Tunakwenda kuchoma soseji."

"Soseji nazo zina haki ya pilipili, mume wangu."

Lindsay akatoboa ubao. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza makabati ya jikoni, na ubao uliotobolewa ovyo ulimwuma kama jino. Alikwisha kutoboa kwa ajili ya mapazia yenye picha za ndege, kisha yakaonekana mafupi, akatoboa upya. Kulikuwa na taa ndogo za kamba, ndoano za taulo, na kishikio cha vikombe sita ilhali wasafiri walikuwa watatu. Hakubisha. Alikaza skrubu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka mbili zikakatika vichwa.

Kitu kimoja tu hakuruhusu mtu akiguse, nacho ni kitanda.

Kitanda kilikuwa cha Mama Noeline, mzazi wa Raewyn, mwenye miaka sabini na tisa. Tangu alipoolewa na marehemu Clarrie, bibi huyu hakuwahi kukosa Krismasi kwenye Ghuba ya Mierebi, kando ya ziwa. Kisha Clarrie akafariki, na nyonga za mjane zikakataa kulala hemani. Krismasi iliyopita alikaa jikoni akitazama mvua dirishani. Hakulalamika, na ukimya ule ulimchoma mkwe wake kuliko lawama. Wiki iliyofuata Lindsay alinunua Haisi.

Mbao za kitanda zilikuwa za mti wa rimu, nyekundu kama chai iliyokolea, alizozitoa kwenye milango ya nyumba iliyobomolewa. Aliziunga kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Mchana ubao wa kitanda uliinuliwa ukasimama ukutani. Usiku ubao ulishushwa ukaenea kuanzia nyuma ya kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma. Chini ya upande wa miguu alifunga choo sakafuni, kama sheria inavyotaka. Lindsay na mkewe wangelala upande wa pili, juu ya meza iliyoshushwa, wamebanana kama samaki wa kopo. Hilo halikumsumbua.

Kilichobaki ni kadi ya kijani. Bila kadi ile kwenye kioo cha mbele, inayoonyesha kwamba gari lina choo, maji safi na tangi la maji machafu, walinzi wa ghuba wangewafukuza kabla hawajachemsha maji. Mkaguzi alikuwa Garth Meikle, fundi bomba mstaafu wa mtaa wa pili. Alikuja Ijumaa asubuhi, siku nne kabla ya Krismasi. Kesho yake angesafiri kwenda kwa binti yake, na hangerudi mpaka katikati ya Januari.

Garth alifungua bomba, akanusa tangi, akagonga pipa la taka, huku akiweka alama kwenye karatasi yake. Lindsay alisimama nyuma yake kama mwanafunzi.

"Safi," alisema Garth. "Sasa shusha kitanda."

Lindsay akakishusha taratibu. Garth akapapasa ubao, akapiga mluzi.

"Hii kazi ya watu wa zamani. Haya basi. Ni usiku wa manane, bibi kaamka. Choo kiko wapi?"

"Hapo chini. Upande wa miguu."

"Atakifikiaje?"

"Atainua kitanda."

"Akiwa amelala juu yake?"

Lindsay akainama kutazama chini ya kitanda.

"Sheria inasema choo kitumike kitanda kikiwa kimeshuka," alisema Garth. "Siku hizi ndicho kitu cha kwanza tunachokitazama. Hukusoma?"

Alisoma. Alisoma mara tatu, karatasi iko juu ya meza yake ya kazi, imejaa vumbi la mbao. Lakini aliisoma kama seremala: choo kinaingia, kitanda kinainuka, vyote vinatoshea. Hakuisoma kama mtu aliyebanwa na mkojo.

"Siwezi kusaini, Lindsay. Samahani, ndugu yangu. Hamisha choo au ukate kitanda."

"Choo kimefungwa. Bomba lake la hewa limepita sakafuni. Ni kazi ya wiki."

"Basi kata."

"Nikikata sentimita arobaini na tano, Mama atalalaje? Atakunja miguu kama panzi. Na zile nyonga zake?"

Raewyn alikuwa amefika, kikapu cha vibanio vya nguo mkononi. "Kwani kina urefu gani?"

"Mita mbili na kumi."

"Mbili na kumi? Umemtengenezea nani, twiga?"

"Nilichukua kipimo cha kitanda chake cha nyumbani."

"Kile kilikuwa cha baba! Baba alikuwa akiinama kupita mlangoni. Mama hata kabati la juu halifikii. Makabati ya watu unapima mpaka unywele, mama yangu umemkadiria kama gunia la viazi?"

Masikio ya Lindsay yakawa mekundu. Katika nchi ile hakuna mwiko wa mtu na mama mkwe wake, lakini haya yake peke yake ilikuwa mwiko tosha. Angewezaje kumwendea bibi na utepe wa kupimia, amwambie, Mama, hebu lala nikupime? Kipimo kama hicho huchukuliwa na watengeneza majeneza. Kwa hiyo alisubiri siku bibi alipokwenda kanisani, akaingia chumbani kwake kama mwizi, akapima kitanda. Alipima kitanda, hakumpima mlalaji.

"Mnagombana nini asubuhi yote hii?"

Mama Noeline alikuwa anakuja, fimbo mkono mmoja, birika la chai mkono wa pili. Birika lilikuwa la kambini, jeusi kwa moshi wa miaka hamsini. Raewyn akamweleza kwa maneno matatu. Bibi akampa Garth birika, akapanda garini pole pole, akajilaza chali juu ya mbao tupu, na viatu vyake miguuni.

"Mwanangu," alisema, "penseli unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Basi weka alama. Usinione kama nimekufa."

Lindsay akapiga magoti. Kutoka visigino vya bibi hadi mwisho wa kitanda kulibaki zaidi ya nusu mita ya rimu. Miezi mitatu ya kusugua, na kipande kile hakikuwa na mwenyewe. Akapiga mstari. Bibi alipoteremka, Lindsay akachukua msumeno wa mkono, maana ule wa umeme ungechana nyuzi za mbao, akakata. Jasho lilimtiririka, na kila alipopita kwenye ule ulimi aliouchonga siku mbili nzima alikaza meno.

Kitanda kikainuliwa, kikashushwa tena. Choo sasa kilikaa wazi pale mwisho, hakuna kilichokifunika.

"Bibi alale," alisema Garth, kikombe cha chai mkononi. "Na wewe Lindsay ukae."

"Nikae wapi?"

"Hapo. Nione kama magoti yanapita."

"Mbele ya Mama?"

"Na suruali yako, bwana. Nani kakwambia uivue?"

Akakaa. Mkwe mtu mzima, juu ya choo, magoti yamebanwa na ukingo wa kitanda, uso ameuelekeza kwenye mapazia yenye ndege.

"Usinijali," alisema Mama Noeline, akitazama dari. "Mimi niko likizo."

Garth akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaandika kadi ya kijani, akaibandika kwenye kioo mwenyewe.

Lindsay alibaki garini, akipitisha kidole kwenye ukingo mpya. Ulikuwa umepauka, wenye makovu ya msumeno, bila msasa wala rangi, na siku zilizobaki zilikuwa za kufunga mizigo. Likizo nzima angeamka na kuuona ule ukingo.

Raewyn akachungulia mlangoni, ameshika kipande kilichokatwa.

"Hiki usikitupe. Upana wake unatosha kabisa rafu ya pili ya viungo."

Lindsay alikitazama kipande kile, mbao nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga. Akanyoosha mkono, akakipokea, akaenda kutafuta mashine ya kutobolea.