Siku Agasongero Iliposhushwa

Ukilitafuta neno agasongero katika kamusi za Kiswahili utachoka bure. Ni la kwetu Wahangaza. Ni ule mti uliochongwa ncha, ukavishwa nyasi za kusukwa, unaosimama juu kabisa ya paa la msonge. Wageni wanaopita Nyamiaga huipiga picha wakidhani ni urembo tu. Ni urembo, ndiyo, lakini nyumbani kwetu ilikuwa pia inasema kwamba mwenye nyumba yupo. Baba wa nyumba akifa, inashushwa siku hiyohiyo, na hakuna anayehitaji kuambiwa zaidi.

Nyumba tunayolala ni ya bati kama ya kila mtu. Msonge ni wa baba, wa kukaa na wageni wake. Alipopelekwa Mwanza kupasuliwa tumbo, nilimwita fundi aje abadilishe nyasi zilizooza, ili mzee akirudi akute pamependeza. Fundi alikuwa Msukuma wa Nyarubungo, mchapakazi kwelikweli. Asubuhi nikamwacha juu ya ngazi, nikaenda Ngara mjini kununua kamba.

Narudi, nasikia vilio kabla sijafika kwenye migomba yetu. Nikakimbia. Uani pamejaa watu. Akina mama wa jirani wamejifunga vitenge viunoni, mmoja ameshatua mkungu wa ndizi. Nikatazama juu. Paa halina kitu. Agasongero imelala chini kwenye nyasi chafu, na fundi amesimama kando yake ameduwaa.

"Dada, ule mti umeliwa na mchwa," akaniambia. "Nimeutoa nichonge mwingine. Mbona watu wanalia?"

Jamani! Nilitaka kumrukia. Lakini ningemlaumu vipi, na hakuna aliyemwambia? Nikapaza sauti: "Baba hajafa! Ni fundi tu! Nyamazeni!" Wengine wakanyamaza. Wengine wakanitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mtu aliyechanganyikiwa na msiba.

Mama alikuwa amekaa chini mlangoni pa msonge, miguu ameinyoosha. Halii. Hapo ndipo nilipotishika.

"Mwanangu," akasema, "mmenificha tangu lini?"

"Haki ya Mungu, mama, hatujakuficha kitu. Baba yu hai."

"Basi mpigie nimsikie."

Nikapiga. Haipatikani. Simu alikuwa nayo mdogo wangu anayemuuguza, na jana yake alilalamika kwamba chaji inamsumbua. Nikapiga tena, haipatikani. Kila nilipoishusha simu sikioni mama alitikisa kichwa, kana kwamba amepata jibu alilolitarajia. Na mimi niliyekuwa nikifokea watu nikaanza kuogopa. Kwani nilijuaje? Alikuwa anapasuliwa asubuhi ileile, na tangu jana jioni sikuwa nimesikia neno. 

Nikamwambia fundi aurudishe ule mti, hata kama umeliwa na mchwa. Alipoishika ngazi mama akamkemea: "Acha. Msinidanganye kwa mti."

Tukakaa hivyo. Jua likapanda, watu hawaondoki. Mzee mmoja wa jumuiya akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini kaburi lichimbwe upande gani. Nilimjibu vibaya, mtu ambaye siku zote namwamkia shikamoo, na wala hakukasirika. Hilo nalo likanitia hofu.

Simu ilipolia nusura niidondoshe. Namba ngeni. Mdogo wangu alikuwa ameazima simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Mpe baba!" nikasema, hata salamu sikumpa.

"Dada, ndiyo kwanza amezinduka, hana sauti..."

"Nimesema mpe!"

Nikamwekea mama simu sikioni.  Mama akasikiliza, uso ameukunja.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Jibu sikulisikia. Niliona tu midomo yake ikianza kucheza. Akanirudishia simu, akasimama, akakung'uta vumbi kwenye kitenge chake, akawageukia waombolezaji.

"Nendeni makwenu," akasema. "Mwenye nyumba ananiuliza leo nimepika nini."

Kisha akaangua kilio, na katika watu wote wale waliokuja kulia naye, hakuna aliyejua amnyamazishe vipi.