Mama Alipowavuta Wakubwa Matopeni

Sisi tuliokulia upande wa Majoreni, kabla simu hazijawa na akili kutuzidi, tulilelewa vibaya sana. Hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje. Hakuna aliyetupiga picha tukila. Tulicheza mdako kwa vijiwe mpaka kucha zikaisha, tukala mihogo ya nazi kwa mikono, na tukamwamkia shikamoo kila aliyetuzidi umri hata kwa wiki moja. Wajukuu zangu nikiwasimulia, hunitazama kwa huruma, kisha huuliza kama wanaweza kurudi kwenye simu zao.

Mamangu hakuzaliwa pwani. Alizaliwa Kangundo, Ukambani, kwenye shamba la babake, na alijua kushika plau kabla hajajua kushika kalamu. Akaolewa na babangu, mwinjilisti, na misheni ikawatuma huku kuwaleta watu kwa Bwana. Watu wenyewe, bahati mbaya, walikuwa wamekwisha kufika kwa Bwana karne kadhaa nyuma, kwa njia yao, na msikiti ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni petu. Lakini hilo ni jambo dogo, na nadhani waliotutuma hawakutaka kusumbuliwa nalo.

Baba alihubiri. Alihubiri vizuri mno, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, mbele ya umati mkubwa: mama, sisi watoto wanne, na mwalimu mmoja wa kutoka bara aliyekuwa akisinzia. Jumatatu aliandika ripoti. Mama hakuhubiri, maana hakuwa na nafasi. Alikuwa na ng'ombe wawili wa plau, Tajiri na Waziri, na ekari za kunde, mahindi na mihogo. Na alikuwa na jirani, Bi Mwanakombo, aliyejitolea kumfundisha kusema.

"Nataka samaki mbili," mama alisema siku yake ya kwanza sokoni.

"Wawili, mwanangu," Bi Mwanakombo akamwambia. "Hawa walikuwa na roho."

Urafiki wao ulianzia hapo. Mwaka ambao mumewe Bi Mwanakombo alilala na mgongo msimu mzima, mama alifunga Tajiri na Waziri akalima shamba lao kabla ya letu. Baba alisema kwa upole kwamba shamba la mtumishi wa Mungu lingepaswa kutangulia. Mama akamjibu, "Magugu hayajui nani ni mtumishi." Tangu hapo, kuku wa kwetu alichinjwa na mumewe Bi Mwanakombo, ili yeyote apitaye aweze kula bila wasiwasi. Na walipita wengi. Siku hizi nasikia hayo yanaitwa mazungumzo baina ya dini, na hufanyiwa kwenye hoteli za Diani, na washiriki hupewa begi na kalamu. Mama alikuwa akipeleka kuku tu.

Nilikuwa na miaka kumi barua ilipofika. Wakubwa wa misheni walikuwa wanakuja kuona kama kituo chetu kinastahili kuendelea, au tufungashe turudi bara. Baba akaanza kufunga na kuomba. Mama alikaa jikoni muda mrefu, kisha akasema peke yake, "Nimekwisha kupanda." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akijifuta machozi, na akasingizia moshi.

Wakubwa, kwa hekima yao, walichagua kuja katikati ya masika. Gari lao zuri jeupe likazama kwenye tope jeusi, mwendo mfupi kutoka kwetu, mpaka milango ikakataa kufunguka. Habari ilitufikia tukiwa tumevaa nguo za Jumapili siku ya Jumatano. Baba akasema, "Tuombe."

"Omba wewe," mama akasema. "Mimi nafunga ng'ombe."

Akajifunga leso mbili juu ya gauni lake zuri, akamwita Bi Mwanakombo, naye Bi Mwanakombo akaita kijiji. Mimi nilikimbia nyuma yao nikibeba kamba. Wanaume waliotoka msikitini walipandisha kanzu wakaingia topeni. Wanawake wakatandika makuti mbele ya magurudumu. Mama alisimama kati ya ng'ombe, tope magotini, akiwasemesha Kikamba, maana Kiswahili Tajiri alikuwa akikipuuza. Gari lilitoka kwa sauti kama ya mtu anayemeza uji moto, na wakubwa watatu wakateremka, tai zikiwa zimebadilika rangi.

Hawakupelekwa ofisini. Walipelekwa uani kwetu, wakapewa maji ya kuoga, kisha majirani wakaleta walivyokuwa navyo: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharagwe, halua ya mtu aliyekuwa ameificha kwa ajili ya Idi. Ua ukajaa. Mkubwa wao, mzee mwenye miwani mizito, akatazama watu wote wale, uso ukamng'aa.

"Mwinjilisti," akamwambia baba, "hawa wote ni waumini wako?"

Baba alifungua kinywa. Kusema uongo hakuweza, na kweli ilikuwa inatufukuza. Mama, aliyekuwa akimmiminia mzee maji ya kunawa, hakuinua hata macho.

"Ni waumini, mzee," akasema. "Wanaswali mara tano kwa siku. Sisi wenyewe bado hatujafika hapo."

Bi Mwanakombo akaona amalizie. "Na huyu mwanangu mkimhamisha, wallahi, tutakuja huko kwenu kumchukua. Sasa kuleni, chakula kinapoa."

Mzee yule alitikisika mabega, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Majuma machache baadaye barua nyingine ikaja: kituo kitaendelea, kutokana na juhudi kubwa za mwinjilisti. Baba aliisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili sauti ilimpungua pale kwenye juhudi. Kesho yake akachukua ndoo mwenyewe, akaenda kisimani, na kijiji kikatoka kutazama.

Miaka ikapita, na baba akatangulia kufa. Ndugu za mama wakaja kumchukua arudi Kangundo akazeekee kwao. Akawauliza, "Kule nitagombana na nani?" Akabaki, akalima mpaka miguu ikakataa, akaishi mpaka akawazika karibu wote aliowakuta, isipokuwa Bi Mwanakombo, ambaye naye alikataa kufa kwa ukaidi tu.

Mama tulimzika mwaka jana. Vijana wa msikitini ndio waliochimba kaburi. Mchungaji kijana, mwenye viatu vilivyochongoka na kipaza sauti kikubwa kuliko uwanja, akasoma historia ya marehemu. Kazi za baba zilikuwa na kurasa mbili. Kisha akafika kwa mama: "Marehemu alimsaidia mumewe katika utumishi."

Kutoka mstari wa mbele, Bi Mwanakombo, mikono juu ya mkongojo, akauliza kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa barabarani: "Alimsaidia nani?"

Watu walicheka mazikoni, Mungu atusamehe. Mimi nilicheka kisha nikalia, na sikumaliza kulia siku hiyo.

Sasa naishi Ukunda, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la umeme. Maendeleo. Jirani yangu namjua kwa muungurumo wa gari lake. Mwezi uliopita niliugua siku tatu, nikaandika kwenye kundi letu la simu, na ndani ya dakika chache watu zaidi ya mia walikuwa wamenitumia picha za mikono miwili iliyokutana ikiomba. Hakuna aliyeleta uji. Siku ya nne nilipopata nguvu nikasoma kwamba mwanamke wa nyumba ya pili amefiwa na mumewe. Nikashika simu, nikatafuta ile mikono, nami binti wa mama yangu nikamtumia.