Boti ya Kuazima Siku ya Wageni

Tereza alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakukubali mgeni aione shida yake. Kisiwani kwao, mwendo wa saa tatu kwa kasia kutoka Nansio penye hospitali, kila mtu aliujua. Padri akija, viti vya jirani vilihamia kwake, na vikombe vilivyokatika mishikio vilifichwa chini ya kitanda. Kwa hiyo ujumbe ulipofika kwamba Mtandao wa Maendeleo Vijijini unatuma wadau kutoka Mwanza, akina mama walimwangushia yeye kazi ya kuwapokea.

Wadau hao walikuwa wanaandaa mpango wa miaka kumi. Walikuwa na boti moja ya injini ya kubebea wagonjwa, na visiwa sita vya kuigombania. Tereza aliitaka boti ile kuliko kitu chochote. Binti yake Winnie alikuwa na mimba ya miezi saba, na nesi wa Nansio alikwishaonya: huyu asithubutu kujifungulia nyumbani.

Mwenye akili angewaacha wageni waje kwa mtumbwi, walowe mpaka soksi, watapike njiani, ndipo waulizwe kama kisiwa kinahitaji boti. Tereza aliona haya. Alimwendea Luhende, mnunuzi wa sangara, mtu pekee kisiwani mwenye boti ya injini, akapiga magoti.

"Siku moja tu, baba. Wageni wangu wasilowe."

Luhende alicheka, akampa.

Wageni wakashuka wakavu, viatu vinang'aa. Walikula sato na kuku, wakaimbiwa. Kwenye kikao Tereza aliomba boti ya wagonjwa, akamtaja na binti yake mjamzito, na kiongozi wao, Deodatus, kijana mpole mwenye kompyuta mapajani, akaandika. Hakuuliza boti waliyokuja nayo ni ya nani. Tereza naye hakusema, maana kumwambia mgeni kwamba umemwazimia usafiri ni kumsimanga. Wakati wa kuondoka Deodatus alimpiga picha amesimama ndani ya boti, anacheka. Kisha chini ya ombi lake aliongeza mstari: usafiri wa majini upo, wa uhakika.

Boti ya wagonjwa ikapelekwa kisiwa kingine.

Winnie alishikwa na uchungu Jumanne moja saa nne asubuhi. Boti ya Luhende ilikuwa imekwenda kukusanya samaki kwenye makambi ya mbali. Walimlaza kwenye mtumbwi, wanaume wanne wakashika makasia, upepo ukiwapiga usoni. Mara tatu aliuliza kama Nansio inaonekana. Mara mbili mama yake alimdanganya kwamba inaonekana. Mara ya tatu ilikuwa inaonekana kweli, lakini Winnie hakuweza tena kuinua kichwa. Walifika saa tisa na maiti mbili, moja haijazaliwa.

Miezi miwili baadaye Tereza aliitwa kwenye uzinduzi wa mpango, ukumbini Mkolani, Mwanza. Alikwenda akiwa na neno moja la kusema. Mlangoni alipewa kitabu, na juu ya jalada alijiona mwenyewe ndani ya boti ya Luhende, meno yote nje. Chini yake waliandika: Jamii Inayojiweza. Alikaa akakitazama mpaka hotuba zikaisha, kisha wakati wa chai akamwita Deodatus.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Mwanangu, boti hii ilikuwa ya kuazima."

Deodatus aliitazama picha, uso ukamshuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa mgeni wangu."

Deodatus alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka zamani.

"Wadau wote wameshasaini, mama. Tathmini ni baada ya miaka mitano. Lakini nakuahidi, tutaanzia kwako, tena tutakuja na wageni wakubwa kuliko wa mwanzo. Huyo binti uliyesema ni mjamzito, tutamkuta na mtoto anakimbia!"

Neno alilokuja nalo Tereza, kwamba Winnie amekufa, lilimfika mdomoni. Alimtazama kijana yule, kikombe mkononi, amesimama bila pa kukaa. Likatoka lile alilolizoea tangu utotoni.

"Karibuni sana," alisema, akamsogezea kiti chake.