Distributa ya Lori la Baba

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani na viatu vyeupe, nikaenda karakana ya serikali hapa Babati. Mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, ofisi nyingine bado ziko kwenye nyumba za kupanga. Mkuu wa Karakana, mzee mrefu asiyecheka ovyo, aliniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mtunza stoo tuliyeletewa?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hivyo viatu utavizika leo."

Na kweli nilivizika, kwa grisi. Siku ileile alinituma mjini kununua silinda ya breki, kile kikopo kinachosukuma breki kwenye gurudumu. Nikaitaja kwa jina dukani, nikapewa, nikarudi mbio. Haikuingia.

"Mama," akaniambia bila kupandisha sauti, "spea haitafutwi kwa jina. Beba ile iliyokufa, ulinganishe mkononi."

Tangu hapo sikwenda tena dukani mikono mitupu. Ninyi mnaotumiana picha za simu mnarudisha mizigo kila siku, halafu mnamlaumu muuzaji. Shauri yenu!

Nilizoea kazi mpaka wakaniita Mama Stoo, jina langu likasahaulika. Afisa Ugavi, bosi wetu wa manunuzi, alikuwa akisema gari likimshinda Mama Stoo lipelekwe kwenye chuma chakavu. Sifa hiyo ilinifurahisha na kuniuma papo hapo, maana nyumbani kwangu Maisaka lori la marehemu baba lilikuwa limekaa juu ya mawe, na wapita njia walinicheka.

Lilikuwa lori la petroli, la pua ndefu, lililobeba mahindi na vitunguu vya watu tangu tukiwa chini ya Arusha. Baba alipofariki tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu Faustini, na dereva akawa yeye. Alipoamua kwenda kuchimba tanzanaiti Mererani, aliogopa baba zetu wadogo wasije wakaliuza. Madereva wa zamani walikuwa na desturi: ukiegesha gari mahali usipopaamini, unachomoa rota, kidude kidogo ndani ya distributa, unatia mfukoni. Faustini hakuridhika na rota. Aling'oa distributa nzima, ile inayogawa moto kwenye plagi, akaifunga ndani ya shuka lake.

"Dada, hili haliwaki bila mimi," akasema huku anacheka. "Nikirudi tutaliwasha."

Miaka ikaenda. Nilitumwa kukagua stoo za Simanjiro, nikapitia Mererani kumtafuta. Nilimkuta kwenye banda la chai, amekonda, macho mekundu kwa vumbi la shimoni. Nilimkumbatia mpaka wenzake wakapiga miluzi.

"Mwakani, Dada," akaniambia. "Nikipata kidogo tu, narudi."

Distributa alikuwa nayo, chini ya kitanda. Sikuidai. Ningeichukua, angerudi kufuata nini?

Basi nikatengeneza vingine vyote. Rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, niliitoa kwenye lori lililokuwa likichinjwa huko Mutuka, yaani kufunguliwa liuzwe vipande. Kioo cha mbele nilikifuata Arusha. Bushi za springi, vile vibomba vidogo vya kwenye ncha zake, hazikupatikana popote, nikachongesha. Siku moja Mkuu wa Karakana akaja mwenyewe stoo, ameshika distributa ya lile lori la Mutuka.

"Chukua, Mama Stoo. Nimepima, inaingia."

"Asante, mzee. Yangu ipo."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Alinitazama kidogo, akaiweka juu ya meza akaondoka. Hakunitania tena kuhusu lori. Wengine walisema Mama Stoo kashindwa na spea moja. Waseme! Tundu la distributa nililiziba kwa kitambaa, vumbi lisiingie kwenye injini, na kila Krismasi nilikibadilisha, kisha nikatandika kitanda cha mgeni.

Nikastaafu. Wanangu wako mbali, simu zao za Jumapili ni fupi. Jamani, nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nawasalimia kuku. Ndipo konda wa basi akanipigia: nina mzigo kutoka Mererani. Nilikwenda stendi nusu nakimbia. Nikamwangalia kila aliyeshuka, mpaka basi likabaki tupu. Konda akaniwekea kifurushi mikononi, kizito, nikakijua kabla sijakifungua.

"Aliyekituma yuko wapi?"

"Alinikabidhi akaondoka, Mama. Kasema ukipokea umpigie."

Nikapiga palepale. "Imefika, Faustini. Na wewe je?"

Akajibu polepole: "Dada, mimi siwezi tena kurudi. Nimezeekea huku. Tafuta dereva."

Fundi aliifunga kesho yake. Lori likakohoa, likawaka, majirani wakapiga vigelegele. Nikalia, wakadhani ni furaha. Haikuwa furaha hata kidogo. Miaka yote ile nilikuwa namngoja mtu, na sasa nilikuwa mpweke kuliko lori lilipokuwa halina moto.

Siku hizi naliwasha kila Jumamosi, linanguruma uani, kisha nazima. Madereva wanakuja, wana leseni safi na adabu njema. "Shikamoo, Mama Stoo. Tunasikia lori lako halina dereva." Nawaitikia marahaba, nawapa chai, tunaongea vizuri tu. Wakimaliza kikombe nawaambia waende salama, nafasi ina mwenyewe.